Kadi ya damu ya kisigino kwa watoto wachanga wa Nyanza na Magharibi: tuongeze kimelea kipi?

MaabaraZiwani, Kisumu

Wadau, habari za kazi. Upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga unazidi kuongelewa hapa kandokando ya ziwa, na kila unapotajwa swali ni lile lile: mtoto akishachomwa kisigino na kadi ikajaa damu, mbona damu hiyo isitafutiwe vimelea pia? Swali ni la haki kabisa. Wengi wanakimbilia kujibu "malaria", kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea. Mimi naona jibu ni toksoplasma, kimelea cha kinyesi cha paka na nyama isiyoiva ambacho mama humpitishia mtoto tumboni, na nitaeleza sababu.

Kadi ya damu kavu inafaa ugonjwa unaosubiri. Mtoto amezaliwa nao, kwa macho ni mzima, na bado kuna wiki kadhaa za kumtafuta kabla madhara hayajajikita. Selimundu iko hivyo: penisilini ya kinga huanzwa mtoto akiwa na miezi 2 hivi. Toksoplasma ya kuzaliwa nayo iko hivyo pia. Malaria haisubiri. Kadi ikitoka Rarieda Jumatatu, ifike maabara Alhamisi, ikae foleni ya mashine, jibu lirudi baada ya wiki mbili, mtoto mwenye malaria atakuwa ameshalazwa au vimelea vimekwisha vyenyewe. Jibu la namna hiyo halimsaidii mtu.

Kupima toksoplasma kwa kadi si jambo la kubuni. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilianza mwaka 1986, likipima kingamwili za IgM kwenye kadi zile zile za magonjwa mengine. Hadi 1992, pamoja na jimbo jirani la New Hampshire, walikuwa wamepima watoto 635,000. Kadi 100 zilitoa jibu la kuwa na IgM, na watoto 52 wakathibitishwa kuwa na maambukizi. Kati ya hao 52, 50 waligunduliwa kwa kadi peke yake. Uchunguzi wa kawaida wa wodi ulikuwa umewapitisha kama watoto wazima. Walipochunguzwa kwa kina baadaye, 19 kati ya 48 walikutwa na kasoro kwenye ubongo au retina.

Naomba tujadili kwa undani wa kazi: damu inatolewaje, inapimwa lini, nani anathibitisha, dawa ni zipi, na wapi mambo huharibika.

SistaMkunga, Siaya

Asante kwa uzi. Kuhusu muda nakubali, lakini tusiiondoe malaria mezani haraka hivyo. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta vimelea kwa watoto 19 kati ya 100 katika ukanda wa ziwa, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 6. Mama anayejifungua hapa anaweza kuwa na vimelea vimejificha kwenye kondo la nyuma na RDT (kipimo cha haraka cha malaria) ya kidoleni isionyeshe kitu. Mtoto wake tumpime na nini, na lini? Kama si kadi, basi nataka kujua ni nini.

DarubiniBusia

Sista, jibu ni slaidi nene, siku ile ile, pale pale hospitalini. Naeleza kwa urefu, maana slaidi ya mtoto mchanga ina mitego ambayo ya mtu mzima haina.

Malaria ya kuzaliwa nayo huhesabiwa ikiwa vimelea hai vimeonekana kwenye damu ya kitovu au damu ya mtoto mwenyewe ndani ya siku 7 za kwanza. Baada ya hapo, kwa mtoto wa Busia au Siaya, huwezi kujua kama ni ya mama au ni ya mbu. Damu ya kitovu ina shida yake: kondo linapobanduka, damu ya mama huingia humo kidogo. Vimelea vikionekana kwenye kitovu, chukua damu ya kisigino cha mtoto uthibitishe kabla ya kuandika jina la ugonjwa. Ukitaka kujua hali ya kondo lenyewe, futa damu ya juu, kata kipande kidogo upande wa mama, ukigandamize kwenye slaidi na upake rangi kama kawaida.

RDT ya HRP2, ile inayotafuta protini ya kimelea, usiitegemee hapa. Vimelea kwa mtoto mchanga mara nyingi ni vichache mno na kipimo hakivioni. Tena protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mstari ukitokea hujui unamaanisha nini.

Slaidi sasa. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, maji ya pH 7.2. Tembea maeneo 100 ya darubini kwa lenzi ya mafuta kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Mtego wa kwanza: wengu la mtoto mchanga bado ni dhaifu, kwa hiyo chembe nyekundu nyingi hubaki na vipande vya kiini, vidoa vya zambarau vya mviringo. Asiyezoea huviita vimelea. Kimelea kina kiini chekundu *na* saitoplazimu (mwili unaozunguka kiini) ya bluu. Kama hakuna bluu, usiandike kimelea. Ukiwa na shaka, slaidi nyembamba itakuonyesha kidoa kile kimekaa peke yake ndani ya chembe.

Mtego wa pili ni hesabu. Tumezoea kuhesabu vimelea kwa chembe nyeupe 200 halafu tunazidisha kwa 8,000 na kugawa kwa 200. Mtoto wa siku ya kwanza anaweza kuwa na chembe nyeupe 20,000 kwa mikrolita. Ukikuta vimelea 12 kwa chembe nyeupe 200, hesabu ya mazoea inakupa 480 kwa mikrolita, ile ya kweli ni 1,200. Kwa mtoto mchanga tumia hesabu ya damu yake mwenyewe ya siku hiyo.

SistaMkunga, Siaya

Hiyo ya chembe nyeupe ni muhimu sana. Basi nani apimwe? Hatuwezi kupaka slaidi kwa kila anayezaliwa.

DarubiniBusia

Hapana, na haina haja. Watoto wengi wanaozaliwa na vimelea vichache huvimaliza wenyewe, wakisaidiwa na kingamwili za mama na himoglobini ya kichanga. Pima mtoto wa mama aliyekuwa na homa au malaria siku za kujifungua, mtoto wa mama asiyepata SP (vidonge vya kinga ya malaria kwa wajawazito) hata mara moja, mtoto wa chini ya kilo 2.5 bila sababu inayoeleweka, na mtoto yeyote mwenye homa, upungufu wa damu, umanjano unaozidi, wengu kubwa au anayekataa kunyonya. Dalili zinaweza kuchelewa hadi wiki ya pili, hata ya nne, kwa hiyo mtoto aliyeruhusiwa akiwa mzima akirudi na homa siku ya 16, slaidi ni lazima hata kama mama anasema analala ndani ya neti.

DktWatoto, Nakuru

Naongeza matibabu ili upande wa malaria tuufunge. Mtoto mchanga mgonjwa mwenye vimelea hupewa artesuneti ya sindano, miligramu 3 kwa kilo, saa 0, saa 12, saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze dawa ya mdomo. Chupa ya miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, ikishakuwa angavu inaongezwa mililita 5 za saline kwa njia ya mshipa: unapata miligramu 10 kwa mililita. Mtoto wa kilo 3 anahitaji miligramu 9, yaani mililita 0.9. Kosa kubwa la wodini ni kuchanganya kipimo cha mshipa na cha msuli. Cha msuli huongezwa mililita 2 tu, dawa inakuwa miligramu 20 kwa mililita, na mililita 0.9 ya hiyo ni mara mbili ya dozi. Andikeni kwenye chupa mliyochanganya.

La pili, msiache kutibu maambukizi ya bakteria. Homa na kukataa kunyonya kwa mtoto wa siku 5 haviwezi kutofautishwa kwa macho. Chukua damu ya kuotesha, anza penisilini na jentamaisini, halafu soma slaidi. Kimelea kuonekana hakumaanishi hakuna bakteria.

Kwa mtoto asiye na dalili kali, miongozo ya WHO inaruhusu ACT (dawa mseto za malaria za kumeza) kwa walio chini ya kilo 5, kwa miligramu zile zile kwa kilo. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha Coartem Baby kwa watoto wa kilo 2 hadi 5, na hapo tatizo la kugawa vidonge kwa wembe linapata dawa. Primakwini haihitajiki: mtoto ameambukizwa kwa damu, hakuna hatua ya ini.

Sasa turudi kwenye kadi, maana hapo ndipo penye kazi mpya.

AfyaMashinani, Kakamega

Kabla hamjaenda mbali: maabara nyingi hulalamika kwamba kadi za damu kavu tunazotuma hazifai. Tuanzie hapo. Sista, hebu tupe utaratibu wa kisigino.

SistaMkunga, Siaya

Haya. Mama amshike mtoto akinyonya au amkumbatie kifuani, mguu uwe chini kuliko moyo. Pasha kisigino joto kwa kitambaa chenye maji vuguvugu dakika 3 hadi 5. Mahali pa kuchoma ni pembeni mwa nyayo, upande wa ndani au wa nje. Usichome nyuma ya kisigino wala katikati ya nyayo, mfupa uko karibu. Lanseti isizidi milimita 2.4 kwenda ndani. Futa kwa spiriti ya asilimia 70 na *subiri ikauke*. Spiriti mbichi huvunja chembe na kuyeyusha damu.

Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu, limejaa majimaji ya ngozi. Subiri tone la pili liwe kubwa, gusisha karatasi kwenye tone, acha lipenye lenyewe hadi lionekane upande wa pili. Duara moja, tone moja, upande mmoja. Hapa ndipo kadi nyingi zinapofia: mtu anaona duara halijajaa, anaongeza tone lingine juu, au anageuza kadi na kujaza kwa nyuma. Damu inakuwa tabaka mbili na kila kipande kinachotobolewa kinatoa jibu tofauti. Duara lisipojaa, nenda duara linalofuata. Na usikamue kisigino: ukikamua, chembe zinapasuka na majimaji ya ngozi yanaichuja damu.

Kadi ilazwe bapa, isiguse kitu, ikauke angalau saa 3 mbali na jua, vumbi na jiko. Hapa kwetu wakati wa mvua ndefu iache usiku kucha. Ikikauka vizuri damu inakuwa kahawia iliyoiva; ikiwa bado nyekundu inayong'aa, usiifungashe. Kisha karatasi laini katikati ya kadi na kadi, mfuko wa zipu, pakiti za kunyonya unyevu, na kile kikadi cha kuonyesha unyevu. Kikigeuka waridi, badilisha pakiti siku hiyo.

MaabaraZiwani, Kisumu

Sista amemaliza. Naongeza upande wa maabara. Kipande tunachotoboa cha milimita 3.2 kina takriban mikrolita 3 za damu. Damu ya mtoto mchanga ni nzito, nusu yake au zaidi ni chembe nyekundu, kwa hiyo majimaji yenye kingamwili hayafiki hata mikrolita 1.5. Ndiyo maana kipimo cha IgM cha damu ya kawaida hakiwezi kuhamishiwa kwenye kadi bila kupangiwa upya kiwango cha kukata, yaani mpaka kati ya jibu la ndiyo na la hapana. Anayetaka kuanza lazima apate kadi za udhibiti zilizotengenezwa kwa damu yenye uzito wa kichanga. Akitumia damu ya mtu mzima atajidanganya kwamba kipimo kinaona, kumbe kwa mtoto hakioni.

Unyevu ndio adui wa pili. Kadi iliyokaa kwenye droo ya zahanati karibu na ziwa bila pakiti za kunyonya hupoteza nguvu ya kingamwili kabla haijafika kwetu.

Mdadisi_Homabay

Ndugu zangu, kwa nini IgM na si IgG?

DktWatoto, Nakuru

IgG ya mama hupita kondo na kukaa kwa mtoto hadi mwaka. Ukipima IgG kwa mtoto mchanga unampima mama yake. IgM haipiti, kwa hiyo ikionekana kwa mtoto imetengenezwa na mtoto mwenyewe, au damu ya mama ilivuja wakati wa kuzaa. Ili kutofautisha, rudia baada ya siku 10. IgM iliyotoka kwa mama hupungua nusu kila siku 5 hivi, ya mtoto inabaki au inapanda.

Uamuzi wa mwisho unatokana na IgG ikipimwa mara kwa mara hadi miezi 12. Ikipotea kabisa kwa mtoto ambaye hatumii dawa, hakuwa na maambukizi. Ikibaki baada ya miezi 12, alikuwa nayo.

MaabaraZiwani, Kisumu

Na kadi inapitwa na baadhi ya watoto, lisemwe wazi. Mama aliyeambukizwa mapema kwenye ujauzito, mtoto anaweza kuwa ameshatengeneza IgM na ikaisha kabla hajazaliwa. Aliyeambukizwa wiki za mwisho, mtoto huenda hajaanza kuitengeneza. Ujauzito mchanga, kimelea hupita kwa nadra lakini kikipita kinaharibu sana. Miezi ya mwisho kinapita kwa wengi ila mtoto anazaliwa akionekana salama. Hao wa mwisho ndio kadi inawatafuta, maana madhara ya macho yao huja miaka kadhaa baadaye.

AfyaMashinani, Kakamega

Basi mbona tusitumie kadi ya wiki 6? Mtoto anakuja kwa chanjo ya pentavalenti, na waliozaliwa na mama mwenye VVU wanatolewa damu kavu ya PCR (kipimo cha VVU kwa watoto) siku hiyo hiyo. Kadi ipo, mama yupo, gari la sampuli lipo. Akina mama wanaruhusiwa ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, na wengine wanaondoka kabla. Nani atamchoma mtoto kisigino saa hizo na wodi imejaa?

MaabaraZiwani, Kisumu

Hoja nzito, na si watu wote wa fani hii watakubaliana nami. Wiki 6 ina faida: waliochelewa kutengeneza IgM watakuwa wameshaitengeneza, na damu ya mama iliyovuja imeshaisha, kwa hiyo majibu ya uongo yanapungua. Hasara yake ni wale ambao IgM inashuka, na wiki 6 za matibabu zilizopotea. Tena kadi za PCR za wiki 6 ni za watoto wa akina mama wenye VVU tu, si watoto wote. Ukijenga mpango juu ya hizo umepima kundi moja. Kwa selimundu tunataka kila mtoto.

Mimi ningechukua kadi siku ya BCG, chanjo ya kifua kikuu. Wanaozaliwa hospitalini hupata kabla ya kuondoka, na wa nyumbani huja ndani ya wiki mbili za kwanza. Mikono ile ile inayodunga BCG ndiyo inayoshika kisigino. Maabara ikipata IgM, rudio la siku 10 linafanywa kwa damu ya mshipa pamoja na ya mama.

SistaMkunga, Siaya

Siku ya BCG naunga mkono, ila tukumbuke zahanati nyingi hufungua chupa ya BCG siku fulani za wiki tu, kwa sababu ikishachanganywa inatupwa baada ya saa 6. Ratiba ya kadi ifuate siku hizo, si vinginevyo.

Mwalimu_wa_Takwimu, Eldoret

Niweke hesabu, maana bajeti inaanzia hapo. Chukua kaunti yenye watoto 40,000 wanaozaliwa kwa mwaka. Kwa kiwango cha Massachusetts utapata watoto watatu au wanne. Jimbo la Minas Gerais huko Brazil lilipima watoto 146,307 kati ya 2006 na 2007, likapata 190, yaani mmoja kwa kila 770. Kwa kiwango hicho kaunti yetu ina watoto 52. Tena Minas Gerais karibu 80 kati ya kila 100 waliochunguzwa macho walikuwa na vidonda au makovu ya retina. Mwaka 2021 Brazil ikapitisha sheria ya kupanua kipimo cha kisigino, toksoplasma ikiwemo.

Watatu au 52: mpango wenye gharama ile ile, manufaa tofauti kabisa. Kabla ya kujua sisi tuko wapi katikati ya namba hizo, hakuna afisa wa afya wa kaunti atakayetia sahihi, na ana haki.

Na tusifiche upande wa pili. Denmark walipima watoto wote kwa kadi tangu 1999, wakaacha 2007, kwa sababu ushahidi kwamba matibabu baada ya kuzaliwa yanazuia madhara ya macho haukuwaridhisha. Ufaransa nao walichagua njia ya kupima akina mama, kila mwezi tangu 1992, mama asiye na kinga arudiwe hadi ajifungue. Hiyo kwetu haiwezekani, mama anayefika kliniki mara 4 tunamshukuru.

DktWatoto, Nakuru

Hoja ya Denmark ni ya kweli, na ndiyo inayonifanya nisisitize dawa kuliko kipimo. Aina za kimelea Amerika Kusini ni kali kuliko za Ulaya, na hatuwezi kuchukua matokeo ya Copenhagen tukayavisha Kisumu, wala ya Brazil. Lakini kipimo bila dawa ni kumpa mama hofu na kumwachia.

Matibabu ni mwaka mzima. Pirimethamini, miligramu 2 kwa kilo kwa siku mbili za kwanza, kisha miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa miezi 2 hadi 6, halafu mara tatu kwa wiki hadi mwaka uishe. Salfadiazini miligramu 50 kwa kilo mara mbili kwa siku. Asidi ya foliniki miligramu 10 mara tatu kwa wiki.

Dawa ya maji ya watoto ni ya kutengenezwa. Mfamasia asage vidonge 4 vya pirimethamini vya miligramu 25, achanganye na maji ya kusimamisha dawa hadi mililita 50: miligramu 2 kwa mililita. Mtoto wa kilo 3 anapata mililita 3 siku mbili za kwanza, kisha 1.5. Mtoto anaongezeka uzito, dozi ibadilishwe kila wiki kwa mizani, si kwa makadirio.

Makosa yanayoua matibabu haya:

Kwanza, kumpa foliki badala ya foliniki. Majina yanakaribiana na kidonge cha foliki kimejaa kliniki ya wajawazito. Pirimethamini inafunga njia ambayo foliki hupitia, kwa hiyo haiokoi uboho. Foliniki hupita upande wa pili wa kufuli hiyo.

Kuhusu vidonge vya SP, ambavyo kila zahanati ya Nyanza inavyo: vina pirimethamini 25 na salfadoksini 500, na mtu ataona ni njia ya mkato. Salfadoksini hukaa mwilini siku nyingi sana. Mtoto akipata mzio au umanjano, huwezi kuitoa. Haifai.

Kwa mtoto wa mama mwenye VVU, septrini inaanza wiki ya 6. Septrini juu ya pirimethamini na salfadiazini ni dawa mbili zinazobana foliki kwa pamoja, na uboho unaanguka. Kliniki ya VVU na daktari wa toksoplasma lazima waandike kwenye kitabu kimoja, kile cha mama na mtoto.

Salfa kwa mtoto mwenye umanjano inasukuma bilirubini (ile rangi ya umanjano) kwenda kwenye ubongo. Na ukanda wetu una G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu) pungufu kwa wingi, wavulana hasa. Pima bilirubini na G6PD kabla ya dozi ya kwanza. Hesabu ya damu kila wiki mwanzoni. Nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikishuka chini ya 1,000 ongeza foliniki. Zikishuka chini ya 500 simamisha pirimethamini hadi zipande.

Mdadisi_Homabay

Na uchunguzi wa kuthibitisha unahitaji nini? Hospitali za kaunti zinaweza?

DktWatoto, Nakuru

Zinaweza nyingi. Macho: panua mboni, mtu aliyefunzwa aangalie retina yote, hasa katikati. Ubongo: ultrasaundi kupitia utosi, inatafuta maji kichwani na chokaa, chokaa ndogo hukosekana kwenye ultrasaundi, na hapo CT inasaidia palipo nayo. Kipimo cha kusikia, ini, hesabu ya damu. Kinachokosekana zaidi ni daktari wa macho anayekubali kumwona mtoto wa wiki 3. Makubaliano hayo yaandikwe kabla kadi ya kwanza haijachukuliwa, na jina la hospitali na siku ya kliniki viwe kwenye barua ya rufaa.

AfyaMashinani, Kakamega

Upande wa kumpata mama. Nambari ya simu moja haitoshi. Simu nyingi ni za baba au jirani. Fomu iwe na kijiji, jina la mzee wa mtaa, kanisa au msikiti wa karibu, na mhamasishaji wa afya wa eneo hilo. Mama wa kwanza huenda kwao kujifungua akarudi kwa mume baada ya wiki kadhaa, kwa hiyo ulizeni "utakuwa wapi mwezi ujao?" na mwandike sehemu zote mbili.

Anayepeleka habari asitaje ugonjwa mlangoni. Aseme damu ya mtoto inahitaji kurudiwa, ampe tarehe na nauli ijulikane inatoka wapi. Jibu la kwanza ni la kushuku tu. Kule Massachusetts karibu nusu ya waliopata jibu hilo hawakuwa na ugonjwa.

Mama_Kisumu_Ndogo

Naomba kuuliza. Mama mjamzito ajikinge vipi basi? Tufukuze paka?

SistaMkunga, Siaya

Hapana, mama. Paka hutoa mayai ya kimelea kwa wiki 1 hadi 3 tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi chake huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo kiambukize. Mtu mwingine akizoe kila siku. Wewe vaa glavu ukilima shamba la mboga na unawe mikono. Sukuma wiki na managu vioshwe kwa maji yanayotiririka hata kama vitapikwa, maana kisu na ubao ndivyo vinavyobeba. Nyama choma isiwe na wekundu ndani. Ikifika nyuzi 67 katikati kimelea kimekufa. Maji ya ziwa au kisima yachemshwe.

Mwalimu_wa_Takwimu, Eldoret

Pendekezo langu la pa kuanzia. Palipo na upimaji wa selimundu, kadi hubaki na duara moja au mawili yasiyotumika. Ombeni kibali cha kamati ya maadili, toeni majina, mbakize kaunti na mwezi wa kuzaliwa tu, mpime IgM kwa kadi elfu kadhaa. Hapo tutajua kama tuko karibu na Massachusetts au Minas Gerais. Ridhaa ya mama kuhusu matumizi ya baadaye iandikwe tangu mwanzo kwenye fomu ya selimundu, kwa Kiswahili, na kwa Kijaluo na Kiluhya pia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimsamehe anayetumia damu kwa jambo ambalo mama hakuambiwa.

Tatizo moja la kimaadili: ukishatoa majina, huwezi kurudi kumtibu mtoto uliyempata. Kamati itawauliza. Jibu langu ni kwamba kadi zitumike zikiwa na umri unaozidi miezi 12, dirisha la matibabu likiwa limeshafungwa. Lakini hapo nguvu ya IgM kwenye kadi inakuwa imeshuka, labda ziwe zilihifadhiwa kwenye baridi kali.

MaabaraZiwani, Kisumu

Hapo sikubali. Kadi ya mwaka mmoja iliyokaa kwenye joto la Kisumu itatuambia hakuna ugonjwa, na watu watalichukua hilo kama ukweli. Afadhali tupime kadi mpya, majina yabaki chini ya ufunguo wa mtu mmoja asiye wa maabara, na mtoto atakayepatikana atafutwe. Hiyo inamaanisha dawa za watoto kumi hivi ziwe zimenunuliwa kabla ya utafiti kuanza: pirimethamini, salfadiazini na foliniki za mwaka mzima, pamoja na vipimo vya G6PD. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vifaa vya IgM vyenyewe.

DktWatoto, Nakuru

Naunga mkono hilo la kadi mpya na mtoto kutafutwa. Na fomu iwe na haya, zaidi ya jina na simu: saa ya kuzaliwa na saa ya kuchoma, uzito, wiki za ujauzito, kama mtoto alipewa damu kabla ya kadi, kama mama anatumia septrini au alipata SP na mara ngapi. Mtoto aliyeongezewa damu, kadi yake ina kingamwili na himoglobini za mtu mwingine, kwa hiyo majibu ya selimundu na ya toksoplasma yote mawili hayaaminiki. Iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya fomu, na kadi irudiwe baada ya miezi 3.

SistaMkunga, Siaya

Kalamu nyekundu iwe juu ya fomu tu, isiguse maduara. Wino unaingia kwenye karatasi ile kama damu.